Salamu Katika Chumba cha Nyuso

Jioni ile nilikuwa nikipeleka maziwa bomani.

Wanawake wa Kijenge tulikuwa na zamu. Kila nyumba yenye ng'ombe wa kukamuliwa ilitoa kibuyu kwa ajili ya meza ya Wadachi, na hakuna aliyetuuliza kama watu wetu wameshiba. Unakamua, unabeba, unavuka mto Themi, unasimama langoni mpaka askari akukague kana kwamba umeficha bunduki ndani ya maziwa. Wanaolisifia lile boma kwa weupe wa kuta zake hawakubeba chokaa yake. Baba yangu aliibeba, kwa lazima, na alikohoa mpaka siku ya mwisho wake.

Lakini jioni ile maziwa yalikuwa kisingizio. Nilikwenda kuiba uso wa mume wangu.

Mume wangu aliitwa Koikai. Leo nalitaja jina hilo bila wasiwasi, maana wa kunikemea wote wamekwisha. Zamani zile mke hakutaja jina la mumewe, hata nyumba ikiungua. Ukishazaa, unamwita baba fulani. Mimi nilikuwa na mimba ya kwanza, bado sijazaa, kwa hiyo sikuwa na namna yoyote ya kumwita. Nikimtaka nilikohoa kidogo, naye alijua. Alikuwa mtu wa sauti nzito, mpole wa kujibu. Ukimsalimia alinyamaza kwanza kama anayeipima salamu, ndipo aitike. Nilimpenda kwa hilo. Nasema wazi, nilimpenda sana.

Mwaka ule akaja Mdachi mmoja, mgeni wa boma, mtu mwembamba asiyegombana na mtu. Watu walimwita Bwana Nyuso. Alipewa chumba cha upande wa nyuma akakijaza vitu vyetu. Ngao, mikuki, vibuyu vya maziwa, vigoda vya wazee, mikufu ya shanga iliyovuliwa shingoni mwa wanawake wakiwa bado wanaitaka. Fuvu la fisi. Vipepeo waliochomwa sindano wakapangwa kwa rangi zao. Kisha akaanza kukusanya nyuso.

Kazi hiyo aliifanya na kijana wa misheni, Mmeru aitwaye Yoeli, ndiye aliyemkorogea unga wa jasi. Mtu alichukuliwa kutoka kwenye mstari wa wabeba mawe, akalazwa chali juu ya meza, akapakwa mafuta. Akatiwa mabua mawili puani apate kupumua. Kisha uji mzito mweupe ukamwagwa usoni mpaka macho, mdomo, vyote vikafunikwa. Uji uliganda ukiwa na joto. Ulipobanduliwa lilitoka ganda, na ndani ya ganda hilo ulikuwamo uso wa mtu kwa kinyume. Pua ilikuwa shimo. Macho yalikuwa mabonde.

Sharti lilikuwa moja tu. Chini ya jasi mtu asiseme neno.

Siku mume wangu alipochukuliwa, alilishika sharti. Alilala kimya. Ila mlango ulikuwa wazi, na mtu mmoja wa rika lake akapita nje akiwa na jiwe begani, akaiona miguu anayoijua ikining'inia mezani. Hakujua kuna nini upande wa kichwa. Akamsalimia kama wanavyosalimiana wanaume wetu.

"Sopai."

Basi niambieni, mtu aliyelelewa kwetu afanye nini? Salamu haiachwi chini. Mtoto wetu hujifunza kuitikia kabla hajajua kukimbia. Mume wangu alinyamaza kidogo, kama kawaida yake. Kisha ndani ya jasi, mdomo ukiwa umezibwa, akaitika.

"Epa."

Hilo ndilo neno lake la mwisho nililopata kusimuliwa na huyo wa rika lake. Alirudi nyumbani jioni akiwa bubu. Akaketi karibu na moto, akatazama moto. Nikampa maziwa akanywa. Nikakohoa, hakugeuka. Siku zikapita, akawa anakonda, na mimi tumbo linakua.

Nilikwenda kwa Nkasiogi, mganga wa huko juu kuelekea mlimani. Alikuwa mama mkali, mchafu wa tumbaku, na alinipokea zizini akimshika mbuzi mgonjwa. Nikainamisha kichwa, akanigusa utosini kwa mkono wenye damu ya mbuzi. Nikamweleza. Hakushangaa, na hilo lilinitisha kuliko kama angepiga kelele.

"Mumeo hakupoteza sauti, Simaloi," alisema. "Ameiacha mle ndani. Alipoitika, lile jiwe lao lilikuwa linafunga. Likafunga naye."

"Nifanyeje, yeyo?" niliuliza, nikimwita mama.

"Nenda huko. Mwite kwa jina. Atakayeitika kwa jina lake ndiye. Mlete, umvunjie ganda mlangoni pake, pale anapoinama kuingia."

Nikanyamaza. Akanielewa.

"Najua. Mke hataji. Basi chagua, adabu au mume." Akatema tumbaku. "Na usithubutu kusalimia. Salamu ni ya kila mtu. Jina ni la mmoja."

Nikashuka mlima nikilifanyia mazoezi jina la mume wangu mdomoni bila kulitoa. Njia nzima.

Yoeli mwenyewe ndiye aliyenifungulia. Nilimkuta nyuma ya jiko la bomani, nikamwambia ninachotaka, nikadhani atacheka. Hakucheka. Aliangalia huku na huku.

"Mama, mimi ni Mkristo," alinong'ona. "Nimefundishwa kwamba mambo hayo hayapo. Lakini nikifagia mle ndani nasikia mtu anavuta pumzi. Bwana amekwisha kuyapanga maganda kwenye majani makavu. Wapagazi wanaondoka nayo alfajiri, Moshi, kisha treni, kisha meli."

"Yanakwenda wapi?"

"Kwao kuna nyumba kubwa ya kuwekea vitu vya watu wengine. Watu wanavaa vizuri, wanakwenda kutazama."

"Wakishatazama?"

"Wanarudi makwao."

Akaniachia mlango. Alisema Bwana yuko mezani anakula, na askari wa zamu atapita upande huu akimaliza kushusha bendera. Kisha akaondoka haraka, wala sikumlaumu.

Ndani kulikuwa na mwanga wa jioni, kidogo tu, unaoingia kwenye tundu la dirisha. Harufu ya jasi mbichi. Harufu ya mafuta. Na chini yake harufu nyingine niliyoijua, jasho la wanaume waliofanya kazi kutwa, ingawa hapakuwa na mwanamume hata mmoja.

Masanduku yalikuwa wazi, yakisubiri vifuniko. Maganda yalilala juu ya majani, kwa safu, yakitazama juu.

Nilisogea kushoto. Yakanitazama.

Nikasogea kulia... yakanitazama.

Mnaweza kusema ni macho yangu. Hata Yoeli alinieleza baadaye kwamba uso wa shimo ndivyo ulivyo, unaonekana kukufuata kila uendako. Sawa. Lakini wakati ule aliyekuwa mle ndani peke yake ni mimi, si Yoeli.

Nikainama nikapapasa. Nilitumaini mkono wangu utamtambua. Uso ule niliushika gizani mara nyingi, niliujua kovu kwa kovu. Lakini hapa kila kitu kilikuwa kinyume. Kovu lilikuwa tuta. Shavu lilikuwa bakuli. Niligusa mmoja, nikagusa wa pili, nikagusa wa tatu, wote wageni. Mume wangu yuko hapa, nami simjui.

Basi nikafungua mdomo nilitaje jina.

Halikutoka.

Nilijaribu tena. Koo likaniziba. Nilimwona mama yangu akinikata jicho. Niliwaona mama wakwe wote wa Kijenge wamejipanga. Nje nikasikia amri ya Kidachi, kisha kamba ya bendera ikigonga mlingoti. Wanashusha. Wakimaliza, askari huyo anakuja.

Jina likakataa. Kisha mdomo wangu wenyewe, kwa malezi yake, ukasema kile ulichozoea kuwaambia wanaume.

"Sopai..."

Kimya.

Majani makavu yakachakarika ndani ya sanduku.

"Epa."

Ulikuwa mnong'ono mkavu, hauna unene wala wembamba, mnong'ono tu. Ulitoka karibu na goti langu. Nikaweka kiganja juu ya ganda lile. Pale penye shimo la mdomo palikuwa na joto. Palikuwa na unyevu wa pumzi.

Nikalia kwa furaha, bila sauti. Nikalifunga ganda kwenye nguo yangu chini ya tumbo, maana nani atamkagua mwenye mimba? Nikashika kibuyu changu. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, mguu mmoja nje, niliposikia nyuma yangu, kutoka sanduku la mwisho kabisa, taratibu, kama mtu aliyekuwa anaipima salamu...

"Epa."

Buti za askari zilikuwa zinakunja kona.

Nilijiambia ni mwangwi. Nikatoka.

Nilivuka Themi giza likiingia, ganda likiwa na joto dhidi ya tumbo langu, na mtoto akipiga mateke upande ule kama anayetaka kulisukuma. Nyumbani moto ulikuwa chini. Mume wangu alikuwa ameketi palepale nilipomwacha. Nikainua ganda juu ya kizingiti, pale anapoinama kuingia, nikalivunja kwa jiwe.

Halikulia kama kitu kikavu. Lilivuta pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyetolewa kwenye maji. Vumbi jeupe likaingia ndani.

Na mume wangu akainua kichwa. Macho yakatembea chumbani, yakaniangalia, yakaangalia moto. Mdomo ukafunguka. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake nikisubiri ile sauti nzito.

"Nasieku yuko wapi?"

Sauti ilikuwa nyembamba, ya haraka. Sikuwahi kuisikia maishani mwangu.

"Mimi ni Simaloi," nilisema.

"Sikujui, mama." Aliitazama mikono yake, akaigeuza. "Hii mikono si yangu. Mama, hii mikono ya nani?"

Usiku kucha tulikaa pande mbili za moto, yeye akiniogopa na mimi nikimwogopa. Alfajiri nilitoka mbio. Bomani chumba kilikuwa kimefagiliwa. Nikakimbia kwenye njia ya Moshi, na tumbo langu lile, mpaka karibu na Usa, nikakuta nyayo za wapagazi na majani makavu yaliyomwagika njiani. Nilipiga kelele. Hapo, katikati ya njia, ambapo hapakuwa na mtu wa kunisikia, jina la mume wangu lilitoka bila shida yoyote.

Hapakuitika mtu.

Nasieku alikuwa mke wa mtu wa Elerai. Nilituma habari akaja mwenyewe, mwanamke mrefu, amevaa nguo za msiba. Mumewe Lerionka naye alilazwa mezani kwa Bwana Nyuso, naye alisalimiwa, naye aliitika. Alirudi bubu akakaa bubu. Jioni ile nilipovunja ganda, Nasieku aliniambia, mumewe alianguka akitoka zizini. Walipomfikia alikuwa amekwisha kufa, na mdomoni mwake mlikuwa na vumbi jeupe.

Aliingia kwangu, akamwona mume wangu, akageuza uso kwa heshima kama mbele ya mgeni. Kisha mume wangu akasema, "Nasieku, ng'ombe mwekundu amezaa?"

Nasieku akakaa chini. Akafumba macho.

"Ni yeye," alisema.

"Na huyu unayemwona?"

"Simwoni. Nimefumba."

Tuligawana hivyo. Msinicheke, nanyi msitafute mzee wa kutuamulia, maana tulimtafuta nasi tukarudi na aibu. Wazee walisema mume ni wa Simaloi, wanamwona kwa macho yao, na Nasieku ni mjane mwenye wazimu. Kwa hiyo alikuja kwa siri, jioni jioni, akaketi macho yamefumbwa akasikiliza. Akiondoka, nami nilimwambia yule mtu anyamaze. Nikamtazama. Alikuwa akinyamaza vizuri. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Angekuwa shetani ningejua la kufanya. Alikuwa mfugaji wa Elerai aliyeitikia salamu.

Bwana Nyuso aliondoka na vitu vyake. Nasikia alisifiwa sana kwao. Nasikia chumba kizima kimepewa vitu vya mlima wetu, na nyuso zimetundikwa ukutani, nyeupe, kwa safu, na chini ya kila moja pameandikwa kabila. Hapakuandikwa jina.

Nkasiogi nilimrudia mara moja tu. Nilimuuliza kama yule aliyeitika wa pili naweza kumpata.

"Ganda liko ng'ambo ya maji, sauti imo ndani," alisema. "Anaweza kuja akilala, akatangatanga. Lakini mlango wake una mtu."

Sijui kama alijua zaidi.

Mtoto akazaliwa, wa kike, nikamwita Namnyaki. Na hapa ndipo moyo wangu ulipovunjika kwa mara ya pili. Mtoto hakujua kugawa. Alimkimbilia yule mtu, akamshika uso wa baba yake, akacheka akisikia sauti ya Lerionka. Kwake yeye huyo alikuwa mtu mmoja mzima, baba, wala hakukosekana kitu. Watu wakaanza kumwita yule mtu baba Namnyaki. Hata mimi nikamwita hivyo. Nilikuwa nimepata mwishowe namna ya kumwita mume wangu, na mume wangu hayumo.

Ilikuwa alfajiri moja ya baridi, mlima umefunikwa na ukungu, Namnyaki amekwisha kujua kusema vizuri. Nilikuwa nimeinama nawasha moto. Akaja akanishika nguo.

"Yeyo, baba ana sauti mbili."

Mikono yangu ikasimama.

"Sauti gani mbili?"

"Hii ya mchana. Na nyingine nene, akilala. Anaongea polepole." Akapiga miayo. "Anasema kule kuna baridi. Anasema watu wanakuja wengi wenye viatu, wanamtazama, wanapita... na hakuna anayemsalimia."

Nikaweka kuni chini.

"Anasema nini kingine?"

"Anauliza mbona humwiti."

Niliuacha moto. Nikaenda kitandani kwa magoti. Yule mtu alikuwa amelala chali, mdomo umefunguka kidogo, na kutoka mdomoni mle ilikuwa inatoka harufu... jasi mbichi. Kifua kilipanda, kikakaa juu muda mrefu, kama cha mtu anayepima neno kabla ya kulitoa. Nilikijua kimya kile. Nilikaa nacho nyumba moja. Niliweka mdomo sikioni pake, na safari hii koo halikuniziba.

"Koikai," niliita.

Midomo ikatikisika. Nikaisikia ikianza, chini kabisa, nzito, ile sauti yenyewe, kama mtu anayekuja kutoka mbali sana...

Kisha mkono ukanikamata kiganja. Macho yakafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa ile nyembamba ya Elerai.

"Usimwite, mama Namnyaki," alisema. "Nakuomba. Mwili wangu waliulaza porini na fisi wakamaliza. Huyu akirudi, mimi nitakwenda wapi?"

Mlangoni mtoto alikuwa amesimama akituangalia, kidole mdomoni.

"Mwambie mama," yule mtu alimwambia, na machozi yalikuwa yanamtoka kwa macho ya mume wangu. "Mwambie asimwite."

Namnyaki akaja akapanda kitandani. Akajilaza kifuani pake, akamkumbatia kwa mikono yote miwili, akanitazama kwa hasira ndogo ya kitoto.

"Yeyo, usimwite," alisema.

Chini ya kifua kile, mtu mwingine alikuwa bado anasubiri. Nilimsikia akisubiri.

Nikanyamaza.